Kufuga sato kwenye bwawa la kuchimba: mwongozo kamili kuanzia udongo hadi sahani

Sato hafi kirahisi, na hapo ndipo wafugaji wengi wanapoingizwa mkenge. Anavumilia maji machafu, anakula pumba, anazaa bila kubembelezwa. Chimba shimo, jaza maji, tupia vifaranga mia chache, na baada ya mwaka utakuta bwawa limejaa samaki kweli kweli. Tatizo ni kwamba wengi watakuwa na urefu wa kidole, mama lishe atawakataa, na chakula ulichonunua kitakuwa kimeishia kwa watoto na wajukuu wa wale uliowalipia. Kwa hiyo hapa sitahangaika sana na namna ya kumfanya sato aishi. Nitahangaika na namna ya kumfikisha gramu 250 hadi 350, yule ambaye hotelini wanamwita samaki wa sahani, kabla bwawa halijageuka kitalu cha watoto.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: bwawa la udongo la mita 15 kwa 20, yaani mita za mraba 300. Ndicho kipimo ambacho serikali ya Kenya ilikitumia ilipoanza kuwachimbia wakulima mabwawa mwaka 2009, na ni ukubwa ambao familia moja inaumudu bila kuajiri mtu.

Kabla ya jembe: hesabu, maji, udongo, baridi

Fanya hesabu moja kwanza, tena ukiwa umekaa nyumbani. Ulizia bei ya kilo moja ya chakula cha samaki pale utakaponunulia, ukijumlisha na nauli. Izidishe kwa 1.7. Hiyo ndiyo gharama ya chakula iliyomo ndani ya kila kilo ya sato utakayevuna, kama ukilisha vizuri. Sasa ulizia sato anauzwaje kwa jumla mtaani kwako. Ikiwa ile ya kwanza imekula zaidi ya theluthi mbili ya hii ya pili, usichimbe, fuga kuku. Vifaranga, vibarua, chokaa na samaki watakaokufa vyote vinasubiri ile theluthi iliyobaki.

Hesabu ikikubali, nenda kwenye maji. Bwawa letu likiwa na kina cha wastani cha mita 1 linameza lita 300,000. Chukua ndoo ya lita 20, ikinge kwenye mfereji au bomba, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 20 una lita 1 kwa sekunde, na bwawa litajaa kwa siku tatu na nusu hivi. Ikichukua dakika tatu, jiandae kusubiri mwezi mzima, na muda wote huo jua na ardhi vitakuwa vinakunywa fungu lao. Pima mwezi wa Oktoba, usipime Aprili. Mto unaonguruma wakati wa masika unaweza kuwa kijito cha kuruka kwa mguu mmoja kabla mvua za vuli hazijaanza. Maji ya kisima kirefu yanafaa, ila mara nyingi hutoka yakiwa hayana hewa, kwa hiyo yaache yaanguke bwawani kutoka juu. Ya bomba la mjini yenye dawa ya klorini yakae juani siku mbili tatu kabla hujaweka samaki.

Udongo unaotakiwa ni mfinyanzi. Chota udongo wenye unyevu, ufinyange donge la kujaa kiganja, urushe juu kupita kichwa kisha udake. Likimong'onyoka mkononi, una mchanga mwingi. Likibaki donge, fanya jaribio la pili: chimba shimo la kina cha kiuno, lijaze maji asubuhi. Jioni yatakuwa yameshuka, kwa sababu ardhi ilikuwa kavu. Lijaze tena, lifunike kwa matawi, lala. Kesho yake asubuhi ukikuta sehemu kubwa ya maji ipo, endelea. Ukikuta tope tu, itabidi utandike nailoni nzito ya mabwawa, na hapo rudi kwenye ile hesabu ya mwanzo kwa sababu nailoni inaweza kugharimu kuliko kuchimba kwenyewe.

Sato anakula vizuri maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Yakishuka chini ya 20 hula kwa kusuasua, karibu na 16 huacha kabisa, na kuanzia 12 kwenda chini unaanza kuokota mizoga. Pwani, Morogoro, Kilombero na kando ya Ziwa Viktoria hakuna wasiwasi. Njombe na Makete anaishi, lakini atakukalisha mwaka na zaidi kufikia uzito ambao mwenzako wa Morogoro ameupata kwa miezi saba.

Kuhusu ruhusa: kwa Tanzania, kibali cha kuchepusha maji ya mto hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde husika, na afisa uvuvi wa halmashauri ndiye wa kumwona kwa mengine yote. Muulize pia kama eneo lako linaruhusiwa sato wa Mto Nile, ndiye huyu tunayemzungumzia. Mito ya mashariki kama Ruvu, Wami na Rufiji ina perege wake wa asili, ndugu wa sato, na sato akitoroka huzaana nao na kuvuruga mbegu. Hii ni sababu mojawapo ya kutochimba bondeni kunakofurika. Sababu nyingine ni kwamba mafuriko ya usiku mmoja yanahamisha mtaji wako wote mtoni.

Kuchimba

Bwawa la sato halihitaji kuwa refu kwenda chini. Upande maji yanapoingilia uwe na sentimita 80, upande yanapotokea uwe na mita 1.2 hadi 1.5, na sakafu iteremke taratibu kati ya hizo mbili. Kina zaidi ya hapo ni jasho la bure, kwa sababu mwanga haufiki na chini kunabaki kubaridi bila hewa.

Anza kwa kukwangua udongo wa juu wenye majani na mizizi, uweke pembeni. Usiuchanganye kwenye tuta, maana mizizi ikioza huacha vitundu vya kuvujisha maji. Utautumia mwishoni kufunika tuta ili ukoka uote. Tuta lenyewe lipandishwe tabaka kwa tabaka, kila tabaka sentimita 20 lishindiliwe kwa gogo mpaka kisigino kisizame. Upana wa juu usipungue mita 1, upate kupita na ndoo. Kutoka usawa wa maji hadi juu ya tuta acha sentimita 30 hadi 50.

Vibarua watakushawishi kuta zisimame wima ili "upate nafasi". Kataa. Kwa kila mita 1 ya kina, ukuta wa ndani ulale mita 2. Kuta za wima huporomoka masika ya kwanza na kina chako chote kinakuwa tope.

Bomba la kutolea maji lilazwe kabla tuta halijapandishwa, chini kabisa upande wa kina. La plastiki la inchi 4 linatosha. Kwa ndani lifungie kiwiko na bomba la kusimama: likisimama wima linashika maji kwa kimo chake, ukililaza kidogo kidogo maji yanashuka. Mdomo wake uvalishwe wavu. Bomba la kuingizia likae juu ya maji ili yaanguke na kuchukua hewa, nalo livalishwe soksi ya chandarua. Usipoivalisha, kambale pori ataingia akiwa mdogo kama kijiti cha kiberiti na utamkuta siku ya kuvuna akiwa na kilo mbili, zote zimetoka kwenye vifaranga vyako.

Chokaa, samadi na rangi ya maji

Bwawa likiwa tupu, mwaga chokaa ya kilimo sakafuni na kwenye kuta. Kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100 ni kiwango cha kawaida, na udongo mchachu hutaka zaidi. Usikosee ukachukua chokaa kali ya kujengea, ambayo huunguza ngozi na haimwagwi penye samaki. Jaza maji nusu, subiri kama wiki moja, ndipo uanze samadi. Ukitia chokaa siku moja na mbolea ya dukani ya DAP, chokaa huikamata fosforasi yake na hela yako inalala kwenye tope.

Samadi haiwalishi samaki moja kwa moja. Inalisha vijimea vya kijani na vijidudu ambavyo sato huvichuja na kuvila, na chakula hicho ni cha bure. Kilo 5 za samadi kavu kwa mita za mraba 100 kwa wiki zinatosha, yaani kilo 15 kwa bwawa letu. Itie kwenye gunia, lifunge kwenye mti uliosimikwa pembeni, ulitikise kila siku. Ukiimwaga hovyo huoza chini na kula hewa.

Kipimo cha rangi unacho begani. Ingia majini taratibu bila kutibua, nyoosha mkono chini kiganja kikiwa wazi. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa yamefika kwenye kiwiko, rangi ni nzuri. Kikipotea kabla ya kiwiko, maji yamekolea mno, simamisha samadi. Maji yakikupita kiwiko na bado unaviona vidole, ongeza. Angalia tu kwamba ukijani ndio unaokuzuia kuona, isiwe tope la mvua.

Vifaranga: hapa ndipo bwawa linapoamuliwa

Sato jike hutaga, dume hurutubisha, kisha jike huyakusanya mayai yote mdomoni na kuyaatamia humo, hali chochote. Watoto wakishaanguliwa bado hukimbilia mdomoni mwa mama wakiona hatari. Ni ulinzi mkubwa, ndiyo maana wengi hupona. Bwawani sato anaweza kuanza kuzaa akiwa na miezi mitatu minne na uzito wa gramu 30 hadi 50 tu, na kurudia kila baada ya wiki chache. Nguvu ya jike inaishia kwenye mayai. Dume hukua haraka zaidi. Kwa hiyo mfugaji anataka madume matupu, au walau bwawa lisijae watoto, na njia ni tatu.

Ya kwanza, inayotumika zaidi, ni kununua vifaranga waliogeuzwa kuwa madume kwa homoni. Kituo cha kuzalisha vifaranga huwalisha chakula chenye homoni tangu wanapoanza kula, kwa siku 21 hadi 28, kabla jinsia haijakaa sawa. Ikifanywa vizuri, zaidi ya 95 kwa mia hutoka madume. Neno "ikifanywa vizuri" ndilo la kushika. Muulize mzalishaji: mliwaanza wakiwa na umri gani, mliwalisha siku ngapi, na mkipima huwa mnapata madume wangapi kwa mia? Anayeijua kazi yake hujibu bila kukuna kichwa. Wapo wanaookota watoto kwenye bwawa la mtu na kuwaita madume. Mlaji akikuuliza kuhusu homoni, mjibu hivi: ililiwa wiki hizo chache samaki akiwa hajafika hata gramu 1, mwili huitoa, na yeye anamla miezi sita baadaye. Anayepaswa kujihadhari zaidi ni yule anayeishika homoni kule kituoni, avae glavu.

Ya pili ni kuwachambua kwa mkono wakifika gramu 25 au 30. Mlaze samaki kiganjani tumbo likiangalia juu, tazama nyuma ya tundu la haja, kuna kinundu kidogo. Dume ana matundu mawili kwa jumla: la haja, na moja kwenye ncha ya kinundu. Jike ana matatu, kwa sababu kati ya hayo mawili kuna mpasuko mdogo uliokaa kwa kukingama, wa kutolea mayai. Huuoni? Paka wino au rangi ya chakula kidogo kwa pamba. Rangi huingia kwenye mpasuko na mstari unajitokeza. Kazi hii inachosha macho, na majike wachache waliopenya wanatosha kuharibu mpango, lakini haihitaji homoni wala kituo.

Ya tatu ni kumwachia kambale kazi. Weka kambale 5 hadi 10 kwa kila sato 100, wakiwa wadogo kuliko sato, na uwaingize sato wakiwa wameshakua kidogo. Watoto wanaozaliwa wanakuwa chakula chake. Mimi huishauri hata kwa waliopanda madume matupu, maana wale 5 kwa mia waliokosewa wanaweza kukujazia bwawa, na kambale mwenyewe anauzika.

Tanzania kuna kituo cha serikali cha Kingolwira, Morogoro. Kenya kuna Sagana. Uganda kuna Kajjansi. Vituo binafsi vipo pia, vizuri na vibovu. Popote uendapo, mwambie muuzaji akuwekee vifaranga kwenye beseni, kisha uzungushe maji kwa mkono. Walio wazima hugeuka na kuogelea kuukabili mkondo. Dhaifu huburuzwa nao hadi katikati. Wawe wa saizi moja. Wenye mikwaruzo, mapezi yaliyolika au utando mweupe waache.

Kwa bwawa lisilo na mashine ya hewa, vifaranga 3 kwa mita ya mraba ni mwisho. Letu linachukua 900. Ndugu zangu wengi husikia hivyo wakaona ni wachache, wakatia 2,000 "ili wakifa wabaki wengi". Hawafi, wanadumaa.

Wasafirishe kwenye mifuko ya nailoni, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa ya oksijeni, wakiwa hawajala tangu jana yake, alfajiri au usiku. Ukifika, weka mifuko bwawani bila kuifungua, ielee dakika 15 hadi 20 joto lilingane. Kisha fungua, ingiza maji ya bwawa kidogo kidogo, na uinamishe mfuko watoke wenyewe. Kuwamwaga kwa kishindo ni kuwaua kimya kimya: utaona wameogelea vizuri, kesho kutwa wanaelea.

Chakula

Zaidi ya nusu ya fedha yako itapita kwenye ndoo ya chakula, kwa hiyo hapa hakuna kukisia. Kifaranga mdogo anataka chakula chenye protini 40 kwa mia na kilichosagwa laini. Wa gramu 20 na kuendelea anatosheka na 30 hadi 35. Mkubwa 28 hadi 30. Kiasi cha kila siku kinafuata uzito wa samaki wote bwawani:

- gramu 1 hadi 5: asilimia 10 ya uzito, mara nne kwa siku
- gramu 5 hadi 20: asilimia 7, mara tatu
- gramu 20 hadi 100: anza na asilimia 5, shuka hadi 4, mara tatu kisha mbili
- gramu 100 hadi 200: asilimia 3, mara mbili
- zaidi ya gramu 200: asilimia 2, mara mbili

Mfano: umewapima ukapata wastani wa gramu 100, na unakadiria wamebaki 800. Hao ni kilo 80. Asilimia 3 ya kilo 80 ni kilo 2.4. Nusu yake uwape saa nne asubuhi, na nusu nyingine saa kumi alasiri. Usilishe alfajiri, kwa kuwa hewa majini iko chini na samaki hana hamu. Lisha pale pale na saa ile ile. Ndani ya wiki utakuta wanakungoja. Chakula kisichoisha ndani ya dakika 15 au 20 kimezidi.

Chakula cha kuelea cha kiwandani ni ghali, lakini kinakuonyesha nani anakula na nani hali. Ukitaka kutengeneza mwenyewe cha samaki wakubwa, kwa kilo 100 changanya pumba za mahindi kilo 35, soya kilo 25, mashudu ya alizeti kilo 20, dagaa wa kusaga kilo 17, unga wa muhogo kilo 2 wa kushikiza, na kilo 1 ya mchanganyiko wa vitamini na madini. Protini itakaa kwenye 28 hivi. Soya ikaangwe kwanza. Ikiwa mbichi ina vizuizi vinavyozuia samaki kuisaga protini. Dagaa wa kununua mjaribu: tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, acha dakika moja. Mchanga utalala chini, na utashangaa umekuwa ukinunua kichanga cha ufukweni kwa bei ya protini. Pumba zenye ukungu au harufu ya uvundo usitie, sumukuvu huua ini la samaki polepole.

Kanda kwa maji ya moto, pitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, anika kivulini. Chembe hizi huzama, kwa hiyo ning'iniza sinia au kichanja cha chandarua nusu mita chini ya maji na uweke humo. Kiinue baada ya nusu saa. Kilichobaki juu ya sinia ndicho unachokipunguza kesho.

Kila asubuhi

Mtembelee samaki kabla jua halijatoka, kwa sababu saa hiyo ndiyo maji yanakuwa na hewa ndogo kuliko saa nyingine zote. Mchana vijimea vya kijani hutengeneza oksijeni. Usiku navyo huivuta pamoja na samaki. Ukikuta wamejipanga juu wakihema midomo wazi, na ukipiga makofi hawazami, hewa imekwisha. Fungulia maji mapya, yachote kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu, washa pampu iyarushe, chochote cha kuyachanganya na hewa. Siku hiyo usilishe, na samadi isimame wiki nzima. Jihadhari zaidi baada ya siku mbili tatu za mawingu, na pale maji yanapogeuka ghafla kutoka kijani kwenda kahawia au kijivu: vijimea vimekufa kwa pamoja na vinaoza.

Wezi wa bwawani ni wengi. Mnandi na mdiria hushuka mchana, fisi maji na binadamu usiku, kenge saa yoyote. Nyuzi zilizokatizwa juu ya bwawa kila nusu mita husumbua ndege. Majani yafyekwe hadi ukingoni ili kenge na nyoka wasipate maficho. Kwa binadamu, simika vigingi vifupi au fito chache kwenye sakafu ya bwawa zinase wavu wake, na ufuge mbwa.

Angalia pia sakafu ya upande wa kina kifupi maji yakiwa matulivu. Ukiona vishimo vya duara vimejipanga, hivyo ni viota vya dume. Ukiona mawingu ya vitoto ukingoni asubuhi, majike wapo. Wakokote vitoto kwa chandarua kila baada ya siku chache, uwape kuku, na uongeze kambale.

Kila mwezi wapime. Usilishe asubuhi hiyo. Rusha kimia sehemu mbili tatu, chukua 30 hadi 50, watie kwenye ndoo yenye maji uliyoipima kabla, ipime tena, na tofauti igawe kwa idadi yao. Andika kwenye daftari, kisha rekebisha chakula. Ukikuta wamesimama uzito ule ule miezi miwili mfululizo na maji yana joto, ama wamezaana ama chakula ni kibovu.

Kuvuna na ladha ya tope

Miezi sita hadi minane kwenye maji ya joto, sato wako atakuwa samaki wa sahani. Kati ya wale 900 tarajia 720 hivi, na wakiwa na wastani wa gramu 300 hiyo ni kilo 216. Chakula kitakuwa kimetumika kama kilo 370.

Wiki moja kabla, mvue mmoja. Kata kipande, kifunge kwenye jani la mgomba bila chumvi wala ndimu, kipike kwa mvuke. Fungua jani karibu na pua. Ikipanda harufu ya udongo uliolowa mvua, usivune bado. Harufu hiyo hutoka kwa bakteria na vijimea fulani vya bwawani, hupenyea kwenye matamvua na kukaa kwenye mafuta ya samaki. Ndimu huificha nusu tu. Dawa ni kuwahamishia kwenye maji safi yanayopita, kwenye tangi au neti, bila chakula, siku tatu au zaidi, kisha unajaribu tena. Mteja aliyeonja tope mara moja hununua tena kwa wavuvi wa ziwani.

Siku ya kuvuna wawe hawajala tangu jana. Anza alfajiri, shusha maji hadi nusu, vuta kokoro la matundu madogo kutoka upande wa kina kifupi. (Kokoro ziwani ni kesi, kwenye bwawa lako ni haki yako.) Usivue kabla wanunuzi hawajathibitisha, samaki bwawani haozi, ndiyo faida yako kubwa kuliko mvuvi. Wakitoka watumbukize kwenye maji ya barafu wafe haraka, kisha panga tabaka la barafu na tabaka la samaki, kilo kwa kilo.

Jikoni

Bakiza wa nyumbani. Paruwa magamba kuanzia mkiani, toa matamvua na utumbo bila kupasua nyongo, na ukwangue ule utando mweusi ndani ya tumbo ambao wengi huuacha. Mchanje mara tatu kila ubavu hadi mfupa. Ndimu, chumvi na kitunguu saumu vikae nusu saa, si usiku kucha, ndimu hulainisha nyama ikavunjika. Kabla ya kumtia mafutani mfute akauke kabisa. Samaki mwenye maji ndiye anayegandia kikaangoni na kukurushia mafuta. Mafuta yawe ya moto, na usimguse hadi kingo zigeuke kahawia.

Kisumu wangemrudisha kwenye rojo la nyanya, vitunguu na dania, achemke dakika chache, aende na ugali. Pwani angechomwa kwanza kisha apakwe tui zito lenye ukwaju, arudi motoni. Kwa sato wa bwawani naichagua ya Kisumu. Nyama yake ni laini na haina ladha kali ya bahari inayoweza kushindana na nazi.

Kukausha bwawa

Usijaze bwawa tena kwa haraka. Litoe maji yote, acha sakafu ipigwe jua wiki mbili hadi ipasuke nyufa, kwangua tope jeusi ulipeleke kwenye bustani ya mboga. Kisha tembea sakafu nzima ukitafuta vidimbwi. Kila kidimbwi kilichobaki, hata cha kujaa kofia, kina vitoto vya sato waliosalia, na hao ndio watakaowazidi umri na kuzaa mbele ya vifaranga utakaowanunua. Vikaushe kwa ndoo, na visivyokauka vimwagie chokaa kali, ukiwa umevaa viatu na glavu, kabla hujatandaza ile ya kilimo.